Dekha Ibrahim Abdi na Amani Iliyoanzia Sokoni

Dekha Ibrahim Abdi alizaliwa Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya, mwaka 1964. Alifariki tarehe 14 Julai 2011 kutokana na majeraha ya ajali ya gari iliyotokea siku chache kabla, alipokuwa safarini kuelekea Garissa kwa kazi ileile iliyomshughulisha kwa karibu miaka ishirini: kupatanisha watu. Mumewe na dereva wao walikufa katika ajali hiyo. Wanaomkumbuka humsifu kwa upole, subira na ujasiri, na hakuna sababu ya kuwapinga. Lakini sifa za aina hiyo, zikirundikwa, humfanya marehemu aonekane mtu wa ajabu ambaye hakuna awezaye kumwiga. Dekha alikuwa na utaratibu wa kazi, na utaratibu unafundishika.

Aliyezaliwa Wajir mwaka huo alizaliwa ndani ya vita. Mara tu Kenya ilipopata uhuru, eneo lote la kaskazini mashariki lilitumbukia katika mapigano ambayo Wakenya huyaita vita vya Shifta, Wasomali wa huko wakitaka kujiunga na Somalia na serikali ya Nairobi ikikataa. Mapigano yalikoma mwaka 1967, ila sheria za hali ya hatari zilibaki hadi mwaka 1991. Kwa kizazi kizima, serikali ilijulikana kwa sura ya askari kuliko ya mwalimu au daktari. Februari 1984, wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa na vikosi vya usalama katika kiwanja cha ndege cha Wagalla, nje kidogo ya mji wa Wajir. Walinyimwa maji na chakula juani, na wengi wakauawa. Tukio hilo halikuwa historia ya mbali kwa watu ambao Dekha alikuja kufanya nao kazi. Kila alipoketi na afisa wa serikali upande mmoja na wazee upande wa pili, Wagalla ilikuwa katikati yao hata kama hakuna aliyeitaja.

Mambo yalizidi kuharibika mwanzoni mwa miaka ya tisini. Serikali ya Somalia ilianguka Januari 1991, wakimbizi wakavuka mpaka, na bunduki zikaja pamoja nao kwa bei ambayo mfugaji wa kawaida aliweza kuimudu. Ukame ukaua sehemu kubwa ya mifugo. Desemba 1992 ukafanyika uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu miaka ya sitini, na kiti cha bunge kikawa jambo la ukoo: aliyeshinda alihesabiwa kuwa ameshindia watu wake malisho na visima, na aliyeshindwa alihesabiwa kuwa amevipoteza. Koo za Ajuran, Degodia na Ogaden zikashikana. Ngamia waliibwa kwa mamia, magari ya misaada yakatekwa, na watumishi wengi wa serikali waliotoka mikoa mingine wakahama. Kufikia katikati ya muongo huo, zaidi ya watu 1,000 walikuwa wameuawa.

Dekha mwenyewe alisimulia mara nyingi tukio lililomgeuza. Usiku mmoja risasi zilipopishana karibu na nyumba yake, alimchukua mtoto wake akajificha naye chini ya kitanda hadi milio ilipotulia. Asubuhi mama yake alimkumbusha kwamba yeye pia, miaka ya vita vya Shifta, alimficha Dekha mchanga chini ya kitanda kwa namna hiyohiyo. Simulizi hiyo ni fupi, na Dekha hakuitumia kuomba huruma. Aliitumia kama hoja: ikiwa mama na binti wamepitia usiku mmoja kwa tofauti ya robo karne, basi kungoja mtu mwingine alete amani ni kumwandalia mjukuu kitanda chake.

Hatua ya kwanza ilichukuliwa kwenye harusi, mwaka 1992. Wanawake wachache, wasiofika kumi na mbili, wengi wao wenye elimu na kazi za mshahara, walikutana humo kama wageni wengine na wakaanza kuzungumza juu ya yaliyokuwa yakitokea. Harusi ilikuwa mojawapo ya nafasi chache ambapo wanawake wa koo zinazopigana wangeweza kukaa pamoja bila kuulizwa wamefuata nini. Walipotoka hapo waliendelea kukutana, wakaita na wengine, na swali likawa moja: ni kitu gani kilicho mikononi mwetu wenyewe?

Jibu lilikuwa soko. Sokoni Wajir wauzaji wengi ni wanawake. Vita vilipochacha, mchuuzi wa ukoo huu alianza kukataa kumuuzia mnunuzi wa ukoo ule, na mwanamke wa ukoo usiokuwa na nguvu mjini alizuiwa kuingia kuuza maziwa au mboga zake. Kwa mtu wa mbali hili huonekana jambo dogo kando ya maiti na bunduki. Kwa wakazi lilikuwa ndilo lenyewe, kwa sababu nyumba isiyoweza kununua maziwa sokoni hutuma vijana wake kuyatafuta kwa njia nyingine, na kila tusi linalotupwa sokoni asubuhi hufika malishoni kabla ya jua kutua. Kundi la Dekha liliwaendea wauzaji wenyewe, wakakubaliana kwamba soko litakuwa wazi kwa mwanamke wa ukoo wowote, muuzaji au mnunuzi. Kisha, na hapa ndipo kazi yao ilipotofautiana na mikutano mingi ya amani, waliweka kamati ya wanawake ya kuangalia kila siku kama makubaliano yanafuatwa. Palipotokea ugomvi, wanakamati walikwenda papo hapo kuumaliza. Taarifa za kile kilichokuwa kikinong'onwa sokoni ziliwafikia mapema kuliko zilivyomfikia afisa yeyote wa usalama.

Jambo la kujifunza hapa ni la vitendo kabisa. Wanawake hawa hawakuwa na mamlaka juu ya bunduki, juu ya visima, wala juu ya bunge. Walikuwa na mamlaka juu ya meza za soko. Walianzia hapo, wakapata ushindi mdogo unaoonekana kwa macho, na ushindi huo ndio waliobeba walipokwenda kugonga mlango uliofuata.

Mlango uliofuata ulikuwa wa wazee, na ulikuwa mgumu. Katika desturi ya Wasomali, suluhu kati ya koo ni kazi ya wazee wanaume. Mauaji hulipiwa diya, ambayo kwa mwanamume ni ngamia 100, na mzigo huo haubebwi na muuaji peke yake bali na jamaa zake wote. Mwanamke hana kiti katika baraza hilo. Dekha na wenzake hawakudai kiti. Waliomba wazee wakutane, wakasaidiana na wanaume wasomi wa mji kuandaa mkutano, na wakaomba wazee waibariki kazi ya wanawake. Wapo watakaosema kwamba huko kulikuwa ni kukubali kuwekwa kando, na hoja hiyo ina uzito wake. Lakini mwaka 1993 watu walikuwa wakifa kila wiki, na kudai kubadilisha baraza zima kabla ya kulitumia kungekuwa anasa.

Mkutano wenyewe nusura ukwame juu ya swali la nani azungumze kwanza na nani aongoze. Koo kubwa zilikuwa na wazee wenye sauti, na kila mmoja alishukiwa na wenzake. Suluhisho lilikuwa kumpa nafasi hiyo mzee kutoka ukoo mdogo kuliko zote, ambao haukuwa na kiti cha bunge wala jeshi la vijana wa kutishia mtu. Asiye na cha kushinda aliweza kuwaambia wakubwa yale ambayo wakubwa wasingeambiana. Mazungumzo yalizaa Azimio la Al-Fatah la Septemba 1993, lililoweka taratibu za kurudisha mifugo iliyoibwa, kulipa fidia na kuzuia visasi. Dekha alirejea mara kwa mara kwenye kisa cha mzee huyo katika mafunzo aliyotoa baadaye: katika kila mgogoro, alifundisha, mtafute mtu ambaye wote wanamsahau.

Baada ya wazee, ikafuata zamu ya makundi mengine, na mpangilio haukuwa wa kubahatisha. Vijana waliozunguka wilaya kuzungumza na wapiganaji walipata jibu moja kila mahali: tukiweka bunduki chini tutakula nini? Swali hilo likapelekwa kwa wafanyabiashara wa Wajir, ambao walikuwa wakipata hasara kila barabara ilipofungwa, nao wakachangishwa fedha. Viongozi wa dini walitumia minbari. Ikaundwa timu ya dharura yenye wazee, wanawake, mashekhe na maafisa wa usalama, ambayo ilipanda gari na kwenda mahali popote mauaji au wizi ulipotokea, kabla ya jamaa za marehemu kujipanga kulipiza. Zikafanyika sherehe za amani ambazo machifu na maafisa waliotuliza maeneo yao walipewa zawadi hadharani. Wazo la mwisho linaonyesha akili iliyokuwa nyuma ya kazi hii. Mahali ambapo serikali ilizoeleka kulaumiwa, na kwa haki, mtu alifikiria kumsifu askari mmoja mmoja aliyetenda vyema, akijua kwamba mwenzake aliye kambini naye atataka kusifiwa.

Mwaka 1995 makundi hayo yote yaliunganishwa kuwa Kamati ya Amani na Maendeleo ya Wajir, ikapewa nafasi rasmi ndani ya kamati ya maendeleo ya wilaya, chini ya uenyekiti wa mkuu wa wilaya. Dekha alikuwa katibu wake. Raia na dola walikuwa sasa katika chombo kimoja, jambo lisilo la kawaida nchini wakati huo, na chini ya mwavuli huo timu ya dharura iliweza kupita vizuizi vya barabarani na kupata habari za kiusalama. Hasara yake ilichelewa kuonekana. Chombo kinachoongozwa na mkuu wa wilaya hutegemea ni mkuu gani ameletwa. Dekha alilijua hilo, na sehemu kubwa ya muda wake ilikwenda katika kuzungumza na kila afisa mpya tangu siku zake za mwanzo, kabla hajajazwa maneno na upande mmoja. Kazi ya namna hiyo haipigwi picha, na huanza upya kila uhamisho unapotangazwa.

Mji wa Wajir una Waislamu wengi na Wakristo wachache, wengi wao watumishi waliotoka sehemu nyingine za nchi. Uhasama ulipozuka kati ya pande hizo mbili, Dekha, Mwislamu wa kuvaa hijabu na kunukuu Kurani kwa urahisi, alikuwa miongoni mwa walioanzisha mazungumzo ya wanawake wa dini zote mbili. Hakutenganisha imani na kazi. Kwake, mpatanishi asiyejichunguza nafsi hubeba ubaya wake mwenyewe hadi kwenye mkutano, na toba na subira vilikuwa zana za kazi kama vile daftari na kalamu.

Kutoka Wajir alichukua aliyoyaona akayapeleka mbali. Alishirikiana na shirika la Responding to Conflict lililokuwa Birmingham, Uingereza, kwanza kama mwanafunzi kisha kama mkufunzi, na akawa miongoni mwa waasisi wa mtandao wa wakufunzi wa Kiafrika uitwao COPA. Mwaka 2000 kilichapishwa kitabu Working with Conflict, ambacho yeye ni mmoja wa waandishi wake pamoja na Simon Fisher na wengine. Kimetumika katika semina za amani katika nchi nyingi. Humo mna mbinu za kuuchambua ugomvi kabla ya kuugusa. Moja ni mti: mizizi ni sababu, shina ni tatizo lenyewe, matawi ni matokeo, na washiriki hubishana kila kadi ibandikwe wapi, hadi wagundue kwamba kile ambacho upande mmoja unakiita mzizi, upande mwingine unakiita tawi. Mbinu nyingine ni kitunguu: ganda la nje ni yale watu wanayoyadai, ndani yake yale wanayoyataka kweli, na kiini ni yale wasiyoweza kuishi bila hayo. Msomaji aliyeijua Wajir huona kwamba michoro hii ilikwisha kufanya kazi kabla ya kuchorwa. Waliopigania kiti cha bunge walikuwa wakidai kiti, ila kiini kilikuwa maji.

Desemba 2007 Dekha alikuwa Stockholm kupokea tuzo ya Right Livelihood, ambayo mara nyingi huitwa Nobeli mbadala. Wiki chache baadaye nchi yake ikawaka. Matokeo ya uchaguzi wa rais wa tarehe 27 Desemba yalipotangazwa, Bonde la Ufa, Kisumu na mitaa ya Nairobi ikaingia katika mauaji yaliyogharimu maisha ya zaidi ya watu 1,100. Mwaka mpya ulipoanza, Dekha alijiunga na Balozi Bethuel Kiplagat, Jenerali Lazaro Sumbeiywo, Jenerali Daniel Opande na George Wachira kuanzisha jukwaa la Concerned Citizens for Peace. Walikutana kila asubuhi katika hoteli ya Serena, Nairobi, na mlango ulikuwa wazi kwa yeyote aliyetaka kuja: mchungaji, mfanyabiashara, kijana wa Kibera, mwanahabari.

Hapo Wajir ilionekana tena, kwa kipimo cha nchi. Majenerali na balozi walijua kuzungumza na wakubwa. Dekha alijua kwamba wakubwa hawana habari za kutosha. Simu ya mkononi ikachukua nafasi ya kamati ya soko: wanawake na wanaharakati wa mashinani walitumiwa salio la simu ili waeleze ni wapi vijana wanakusanyika, ni barabara gani imezibwa, uvumi gani unasambaa, na pia ni wapi pametulia na kwa nini. Sehemu ya mwisho ndiyo wengine wangeiacha. Yeye alisisitiza kuuliza juu ya mahali palipotulia, kwa kuwa palipotulia pana mtu anayefanya kitu, na huyo ndiye wa kusaidiwa. Mazungumzo rasmi yaliyoongozwa na mpatanishi Kofi Annan yalifikia mkataba tarehe 28 Februari 2008, na baada yake kamati za amani za mfano wa Wajir zikaamuliwa kuanzishwa katika wilaya za nchi nzima. Kwenye kura ya maoni ya katiba ya Agosti 2010, mradi wa Uwiano ulipokea ujumbe mfupi wa wananchi kuhusu dalili za fujo, kwa mantiki ileile.

Kifo chake kilitokea katika mwaka ambao masikio ya watu yalikuwa kwingine. Julai 2011 ilikuwa kilele cha ukame mbaya kabisa, kambi za Dadaab zikipokea maelfu ya wakimbizi, na njaa ikitangazwa rasmi katika sehemu za Somalia siku chache baada ya yeye kufariki. Septemba akafa Wangari Maathai, taifa likamwombolezea kwa mazishi ya kitaifa, kama ilivyostahili. Oktoba majeshi ya Kenya yakaingia Somalia. Nchini Ujerumani Dekha alikuwa ametunukiwa tuzo ya amani ya jimbo la Hessen mwaka 2009, na wataalamu wa upatanishi wanalijua jina lake. Lakini Mkenya wa kawaida aliye kusini mwa mto Tana, hata leo, ana uwezekano mkubwa zaidi wa kutaja majina ya wanasiasa waliochochea fujo za 2008 kuliko jina la mwanamke huyu. Hiyo ni kwa sehemu hatima ya eneo alilotoka, ambalo habari zake hufika Nairobi pale tu damu inapomwagika. Kwa sehemu nyingine ni hatima ya kazi yenyewe: shambulio ambalo halikutokea halina tarehe ya kuadhimishwa.

Kamati za amani alizoziacha zipo, na hali zao hazifanani. Zilipoenea nchi nzima na kupata fedha za wafadhili na posho za vikao, baadhi ziligeuka kuwa mahali pa kugawana nafasi. Wanachama waliteuliwa na wakubwa, wanawake wakawekwa ili hesabu itimie, na mkutano ukaitishwa kwa barua kutoka ofisini. Wajir ya 1993 ilikwenda kinyume: walioitisha ndio waliokuwa wakiumia, na ofisi ilialikwa baadaye. Kasoro hiyo haitokani na kupanua mfano. Inatokana na kunakili umbo la 1995, yaani kamati na mwenyekiti na muhuri, na kuziruka zile hatua za miaka mitatu zilizotangulia.

Wala amani ya Wajir haikuwa ya kudumu. Mwaka 2013 kaunti zilianza kazi chini ya katiba mpya, bajeti kubwa na viti vingi vikashuka mashinani, na ushindani wa koo ukapata kitu kipya cha kupigania. Mwaka 2014 koo za Garre na Degodia zilipigana mpakani mwa Wajir na Mandera, makumi ya watu wakauawa na maelfu wakahama makwao. Wazee, wabunge na maafisa wa serikali waliketi nao tena, kwa diya, kwa viapo na kwa mikutano mirefu. Mabaraza hayo yaliitishwa baada ya maiti kuzikwa. Kazi ya kusikiliza soko kabla ya hapo, ambayo miaka ya tisini ilifanywa na wanawake bila posho, haikuwa na mtu aliyepangiwa.